Mkono wa Mlango Ukilegea Garissa: Chanzo Kwanza, Bisibisi Baadaye

Katika nyumba nyingi za mawe mjini Garissa, kuanzia Bulla Iftin hadi Garissa Ndogo, kuna mlango mmoja wenye masharti. Mgeni akitaka kutoka huelekezwa auinue mkono kidogo kwanza, au ausukume mlango kwa bega ndipo abinye. Wenyeji wameshauzoea, watoto wanajua ujanja wake, na kwa kuwa mlango bado unafunguka hakuna anayefikiria kumwita fundi. Hali hiyo inaweza kudumu mwaka mzima. Kisha siku moja mtoto wa miaka minne anaingia chumbani, upepo unaubamiza mlango, mkono wa ndani unadondoka sakafuni, na nje ni saa nane mchana mwezi wa Machi, wakati ambapo joto la Garissa hupita nyuzi 36 bila kumshangaza mtu.

Kazi ya kuizuia siku hiyo ni ndogo. Mara nyingi inataka bisibisi, njiti chache za kiberiti, gundi ya mbao na saa moja ya utulivu. Kinachoiharibu ni haraka. Mkono ukianza kucheza, aliye karibu huchukua kisu cha jikoni au testa ya umeme, akakaza skrubu yoyote anayoiona, na baada ya wiki mbili mkono unacheza tena. Anakaza tena. Mwishowe skrubu inazunguka bila kushika, kichwa chake kimelika, na jambo lililohitaji njiti za kiberiti limekuwa la kununua mkono mpya. Skrubu hailegei bure. Kuna kitu kilichoilegeza, na katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera vitu hivyo vinajulikana: jua, ukavu, upepo, vumbi na, mara nyingine, mafuriko.

Jua ndilo la kwanza. Mlango wa chuma wenye urefu wa milimita 2,100, joto lake likipanda kwa nyuzi 30 kutoka alfajiri hadi alasiri, hurefuka kwa karibu robo tatu ya milimita. Jicho haliwezi kuona badiliko hilo, lakini usiku mlango hurudi ulivyokuwa, na kesho yake hurefuka tena. Mikono mingi ya bei nafuu hutengenezwa kwa aloi ya zinki iliyopakwa rangi ya fedha au ya dhahabu, na zinki hutanuka zaidi ya mara mbili ya chuma kwa joto lilelile. Kwa hiyo bamba la mkono na mlango unaolibeba havitanuki sawasawa, na skrubu iliyovishika viwili hivyo ndiyo inayovutwa huku na huku kila siku. Mlango unaotazama magharibi, usio na kibaraza wala mti wa kuutia kivuli, huumia kuliko wenzake.

Mlango wa mbao una kisa chake. Mbao nyingi zinazouzwa huko ni saipresi na msonobari kutoka nyanda za juu, ambako hewa ina unyevu. Zikishushwa Garissa, yapata kilomita 370 kutoka Nairobi, mahali ambapo mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 400, hupoteza maji na kusinyaa. Mbao ikisinyaa, meno ya skrubu hayashiki tena kama yalivyoshika siku ya kwanza. Ndiyo maana mlango mpya uliotengenezwa kwa mbao mbichi unaweza kulegea mkono kabla ya mwaka kwisha, na mwenye nyumba akamlaumu muuza vitasa. Anayejenga sasa afadhali anunue mbao mapema na aziache kivulini wiki kadhaa, zimepangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite, kabla fundi hajazipiga randa.

Upepo wa kusi, unaovuma kwa nguvu katikati ya mwaka, huubamiza mlango ulioachwa wazi, na kila kishindo hupita kwenye skrubu zilezile. Kizuizi cha mpira sakafuni, au hata kipande cha tairi kuukuu kilichopigiliwa nyuma ya mlango, huokoa vitasa vingi. Vumbi nalo huingia kwenye kitasa, likachanganyika na mafuta yaliyomiminwa humo kwa nia njema, likawa tope gumu linalozuia springi kurudi.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote, mlango uchunguzwe. Ushikwe mkono kwa vidole viwili, utikiswe taratibu, na jicho liwe kwenye bamba lililo nyuma yake. Bamba likitikisika pamoja na mkono, tatizo liko kwenye skrubu za bamba au matundu yake. Bamba likitulia huku mkono peke yake ukicheza, tatizo liko mahali mkono unapoungana na ile pini ya mraba inayopenya mlango kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mkono ukining'inia chini bila kurudi juu, springi imechoka au imevunjika. Mkono ukizunguka vizuri lakini ulimi wa kitasa hausogei, pini imeteleza, ni fupi kupita kiasi, au tundu la mraba ndani ya kitasa limelika. Na iwapo kila kitu kimetulia lakini mlango haushiki ukifungwa, mkono hauna hatia: ulimi haulipati tundu lake kwenye fremu, na pa kuangalia ni bawaba.

Uchunguzi huo huchukua dakika moja, nao ndio sehemu ya kazi ambayo watu huiruka.

Sharti moja halina mjadala: kazi ifanyike mlango ukiwa wazi, umezuiwa kwa jiwe au kabari. Anayefungua mkono wa chumba akiwa amejifungia ndani anaweza kuona pini ikitelezea upande wa pili na kuanguka nje. Skrubu zinazotolewa ziwekwe kwenye kikombe, na kila hatua ipigwe picha kwa simu, kwa sababu vipande vya kitasa vinafanana, na kumbukumbu ya mtu hudanganya. Jambo la pili ni bisibisi yenyewe. Ncha iliyo ndogo kuliko mfereji wa skrubu huula mfereji huo. Testa ni chombo cha kupimia umeme, haikuundwa kwa kukazia vitu vigumu. Ikivunjika au mpini wake ukipasuka, fundi anayeitumia siku nyingine kwenye waya ndiye atakayeumia.

Tundu la skrubu kwenye mlango wa mbao likiwa limepanuka, kuongeza skrubu nene zaidi ni njia fupi yenye gharama: huweza kupasua mbao, na siku ikilegea hapabaki nafasi ya kutengeneza tena. Njia bora ni kulijaza tundu. Skrubu itolewe, vumbi lipulizwe, njiti za kiberiti zilizokatwa vichwa zipakwe gundi nyeupe ya mbao na kusokomezwa hadi zibane. Kwa tundu kubwa, kijiti kimoja cha mbao ngumu hushika vizuri zaidi. Hapo mathenge, mti uliotapakaa kando ya Mto Tana na kulalamikiwa na kila mfugaji, una faida yake: kiini chake kikikauka ni kigumu na hakibonyei, ingawa anayekikata aangalie miiba. Kijiti kichongwe kiwe chembamba upande mmoja, kipakwe gundi, kigongwe taratibu, na kinachobaki nje kikatwe sawa na uso wa mlango.

Saa ya kufanya kazi hii ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Gundi ya mbao hushika kadiri maji yake yanavyotoka. Kwenye mbao iliyochemka kwa jua la adhuhuri, maji hayo hunyonywa kwa dakika chache kabla gundi haijaingia, na kinachobaki ni ganda lisilo na nguvu. Asubuhi na mapema au baada ya alasiri, mlango ukiwa umepoa, ndio wakati wake. Kisha mlango uachwe hadi kesho yake. Skrubu isirudishwe moja kwa moja: kwa skrubu ya milimita 4 kwenye mbao laini, kitobolewe kwanza kijitundu cha milimita 2.5 hivi, la sivyo kijiti kitapasuka na kazi yote ianze upya. Ncha ya skrubu ikipakwa sabuni kavu huingia kwa wepesi.

Milango ya flashi, ile yenye plaiwudi pande mbili na uwazi ndani, inahitaji uangalifu zaidi. Humo ndani kuna gogo la mbao mahali pa kitasa tu, na aghalabu liko upande mmoja. Mlango ukiwa umegeuzwa na fundi asiye makini, kitasa hukaa kwenye uwazi, skrubu zikashikilia plaiwudi yenye unene wa milimita chache. Hapo hakuna njiti wala gundi itakayosaidia kwa muda mrefu. Dawa yake ni bolti mbili nyembamba zinazopenya mlango mzima na kuyabana mabamba ya pande zote mbili, moja dhidi ya jingine, kusiwe na skrubu inayotegemea plaiwudi. Zipite kando ya boksi la kitasa au kwenye matundu ambayo boksi hilo limeachiwa kwa kazi hiyo. Bolti zisikazwe hadi plaiwudi ibonyee.

Kuna kosa jingine la mbao ambalo huwafanya watu wanunue vitasa bila sababu. Skrubu fupi iliyolegea hubadilishwa kwa skrubu ndefu, nayo huingia hadi kwenye boksi la kitasa lililo ndani ya mlango na kugusa mitambo. Mkono unakuwa mgumu, ufunguo unakwama, na mtu anaamini kitasa kimekufa. Iwapo mkono umeanza kukwama mara tu baada ya kukazwa, skrubu ilegezwe nusu mzunguko na mkono ujaribiwe. Ukirudi kuwa mwepesi, skrubu ni ndefu kupita kiasi au bamba limekazwa likiwa limepinda.

Milango ya chuma, iliyozagaa Garissa, Wajir na Mandera kwa sababu mchwa hawaili, ina hesabu yake. Bati la geji 16 linalotumiwa na mafundi wengi wa kuchomelea lina unene wa takriban milimita 1.5. Skrubu ya bati ya milimita 4.2 ina meno yaliyoachana kwa milimita 1.4. Maana yake ni kwamba mkono mzima, pamoja na vishindo vyote vya upepo wa kusi, unashikiliwa na jino moja la kila skrubu. Jino hilo likilika, hakuna kukaza kutakakosaidia. Skrubu nene zaidi hununua miezi michache. Bolti yenye nati na washa nyuma yake, pale mkono wa mtu unapoweza kufika, au bolti inayopenya pande zote mbili, ndiyo tiba. Pasipofikika nyuma, kuna nati za kupachika kwa mtindo wa riveti, ambazo huingizwa kutoka mbele na kujibana zenyewe kwenye bati. Zikikosekana dukani, fundi anaweza kuchomelea nati nyuma ya bati kabla ya kurudisha kitasa.

Kabla ya kurudisha kitasa: maneno hayo yazingatiwe. Wengi humwita fundi wa kuchomelea na kumwambia achomelee mkono wenyewe kwenye mlango ili yaishe. Hayaishi. Aloi ya zinki huyeyuka karibu na nyuzi 400, wakati chuma kinahitaji zaidi ya 1,400, kwa hiyo mkono huporomoka kabla mlango haujaanza kuwa mwekundu, na moshi wa zinki ukivutwa huleta homa na maumivu ya kifua. Hata mkono wa chuma ukichomelewa, joto hulegeza springi zilizo ndani ya kitasa na siku ya kukitoa mlango utalazimika kukatwa. Kitasa na mkono vitolewe vyote kabla ya cheche ya kwanza.

Swali la nani ashike bisibisi linafaa kujibiwa waziwazi. Katika nyumba nyingi mlango mbovu husubiri baba arudi, au kijana wa kiume amalize muhula, au abti, yaani mjomba, apite na gari. Hakuna sababu ya kusubiri. Katika maisha ya ufugaji, aqal, nyumba ya Wasomali inayohamishika, ni kazi ya mwanamke tangu mwanzo hadi mwisho: ndiye asukaye mikeka, apindaye fito, aisimamishaye nyumba, aibomoaye na kuipakia juu ya ngamia siku ya kuhama. Mikono iliyojenga nyumba nzima bila msumari haiwezi kushindwa na skrubu nne. Bibi aliyehamia mjini na binti anayesoma Chuo Kikuu cha Garissa wote wana urithi huo, na mlango wa chumba chao ni mahali pazuri pa kuutumia.

Turudi kwenye pini. Mkono unaocheza huku bamba limetulia huwa na skrubu ndogo isiyo na kichwa, imefichwa chini au pembeni ya shingo ya mkono. Hukazwa kwa alenki, ile spana ndogo ya pembe sita iliyopinda. Kabla ya kukaza, mkono usukumwe hadi ukaribie bamba, halafu urudishwe kidogo sana ili usisugue. Skrubu ikikaa juu ya pembe ya pini badala ya ubapa wake italegea wiki hiyohiyo, basi mkono utikiswe kidogo huku skrubu ikiingia, hadi ihisike imekaa. Tone moja la rangi ya kucha kwenye meno ya skrubu huizuia isijifungue kwa mtikisiko, na bado itafunguka kwa alenki siku ikihitajika. Rangi hiyo iko karibu kila nyumba.

Pini nyingi za siku hizi zina upana wa milimita 8, lakini vitasa vya zamani vinaweza kuwa na pini nyembamba zaidi. Pini nyembamba ndani ya tundu kubwa hucheza hata kila kitu kikikazwa. Kipande cha mkebe wa soda, ambao ukuta wake ni mwembamba mno, kikikatwa kwa mkasi na kuzungushiwa pini hujaza nafasi hiyo hadi pini ya kufaa ipatikane. Ni suluhisho la muda, na mlango wa chumba cha mtoto au cha mgonjwa usiachwe hivyo. Pini iwe ndefu ya kutosha kuingia ndani ya mikono yote miwili. Ikiwa fupi, mkono mmoja huishika kwa ncha tu, na huo ndio unaotoka mtu akiwa ndani.

Springi ikichoka, kuna mahali pawili pa kutazama. Mikono mingine ina springi yake nyuma ya bamba. Mingine hutegemea springi iliyo ndani ya boksi la kitasa. Boksi hutolewa kwa kufungua skrubu mbili zilizo kwenye ukingo wa mlango, juu na chini ya ulimi, baada ya mikono na pini kutolewa. Lifunguliwe juu ya kitambaa cheupe, taratibu, kiganja kikiwa juu ya kifuniko, maana springi huruka. Vumbi lifagiliwe kwa mswaki mkuukuu. Tope la mafuta lifutwe kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, nje ya nyumba na mbali na jiko. Springi iliyovunjika inaweza kubadilishwa ikipatikana ya ukubwa uleule; vinginevyo kitasa kipya ni nafuu kuliko kupoteza siku nzima sokoni.

Kuhusu mafuta, huenda hili ndilo kosa linaloua vitasa vingi kuliko yote huko kaskazini mashariki. Mafuta ya kupikia na samli hulainisha kwa siku chache, kisha hewa na joto huyageuza kuwa gundi. Mafuta ya injini hukamata vumbi. Panapoingia ufunguo patumiwe unga wa penseli: risasi ya penseli ni grafaiti, haina unyevu, na vumbi haliigandii. Ufunguo usuguliwe kwa penseli laini pande zote, uingizwe na kutolewa mara kadhaa. Grisi kidogo inaruhusiwa kwenye ubavu wa ulimi tu, na ya ziada ifutwe. Wajir, ambako maji ya visima vingi yana chumvi, kuna la kuongeza: mlango unaoshikwa kwa mikono yenye maji ya udhu mara tano kwa siku, hasa wa msikiti au wa madrasa, hupata kutu haraka kwenye skrubu. Kitambaa kikavu mara moja kwa siku kinatosha kuusaidia, na skrubu za shaba au za chuma kisichoshika kutu zinastahili bei yake hapo.

Mlango usioshika licha ya mkono kuwa mzima upakwe chaki kwenye ulimi, kisha ufungwe. Alama itakayobaki kwenye fremu itaonyesha ulimi unagonga wapi. Ukigonga chini ya tundu, mlango umeshuka, na skrubu za bawaba ya juu ndizo za kukaza au kubadilishwa kwa ndefu zaidi zinazofika hadi kwenye fremu. Tofauti ikiwa ya milimita moja au mbili, bati la tundu lipanuliwe kwa tupa. Wengi wanaodhani mkono wao ni mbovu wana bawaba iliyolegea: kila siku wanalazimisha mkono ili ulimi uingie, na baada ya miezi mkono nao unaharibika.

Mafuriko yanahitaji subira ya namna yake. Mwezi wa Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, Mto Tana ulifurika, barabara kati ya Garissa na Madogo ikakatika, na familia nyingi za mabondeni zikahama nyumba zao. Waliporudi walikuta milango ya mbao imevimba na vitasa vimejaa tope. Mlango uliovimba usipigwe randa wiki ya kwanza. Ukikauka utasinyaa, na uliopigwa randa utabaki na pengo ambalo ulimi hautalivuka. Kitasa hukaa karibu mita 1 kutoka sakafuni, kwa hiyo maji yakifika kiunoni tayari kimeloa. Kitolewe haraka, kifunguliwe, kisuuzwe kwa maji safi hadi tope la mto liishe, kikaushwe kivulini siku nzima, ndipo kipewe grisi mahali pake na penseli mahali pake. Kikiachwa ndani ya mlango kijikaukie chenyewe, tope hilo hugeuka jiwe na kutu humalizia kazi.

Dadaab, yapata kilomita 100 kutoka mji wa Garissa, milango ni ya aina nyingine. Katika kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilizofunguliwa kuanzia 1991, familia nyingi zimejitengenezea milango kwa mikebe ya mafuta ya msaada iliyofunguliwa na kunyooshwa, ikapigiliwa kwenye fremu ya miti. Huko hakuna pini wala springi. Kuna komeo, kufuli na kishikio cha waya au kipande cha chuma. Kinacholegea ni misumari. Msumari uliotoka kwenye mti mkavu hauwezi kurudishwa tundu lilelile. Bolti ndogo inayopenya mti na bati, yenye washa pana pande zote mbili, hushika komeo kwa miaka, na washa hiyo inaweza kukatwa kutoka kwenye mkebe uleule ukikunjwa mara mbili. Ncha ya bolti itokezee upande wa ndani wa mlango, na nati ipigwe nyundo kidogo kwenye meno ili mtu wa nje asiifungue.

Siku mkono ukitoka mtu akiwa ndani, la kwanza ni kumtuliza, hasa mtoto, na kumwambia akae mbali na mlango. Pini ikiwa bado imo, ishikwe kwa koleo na kuzungushwa upande uleule ambao mkono ungeshukia. Pini ikiwa imeanguka, bisibisi bapa au mpini wa kijiko uingizwe kwenye tundu la mraba, uegemee pembe kwa pembe, na kuzungushwa. Aliye nje asivute mlango kwa nguvu wakati huo, kwa kuwa ulimi ukibanwa na fremu hauwezi kurudi. Ausukume kidogo na kuuachia huku mwenzake akizungusha. Chumba kikiwa na joto kali na njia hizo zikishindikana kwa dakika chache, mlango uvunjwe. Bei ya mlango haina uzito hapo.

Anayelazimika kununua mkono mpya aende dukani na ule wa zamani mkononi, pamoja na pini yake. Kipimo kinachowaponza wengi ni umbali kutoka katikati ya pini hadi katikati ya tundu la ufunguo: milimita 57, 72 na 85 hukutana mara kwa mara, na mkono wa kipimo kimoja haukai kwenye kitasa cha kingine. Mtu wa Mandera au Liboi anayetuma mzigo kwa basi apige picha ya mkono wa zamani ukiwa kando ya rula na kuituma kwa simu kabla ya kulipa. Kukosea milimita 15 kutamgharimu nauli mara mbili. Dukani, mkono ubebwe. Mzito wa chuma au wa shaba hudumu kuliko mwepesi wenye uwazi ndani, hata ukiwa na rangi isiyong'aa sana. Mpangaji naye akubaliane na mwenye nyumba kabla ya kununua, na ahifadhi picha ya uharibifu na risiti.

Fundi aitwe boksi la kitasa likiwa limepasuka, fremu ya chuma ikiwa imepinda, au mlango wa nje ukiwa haufungiki na usiku unakaribia. Akifika, aambiwe mkono unalegea wapi hasa, kwa maana uchunguzi umeshafanyika, na aulizwe atatumia skrubu za urefu gani. Akimaliza, mlango ufungwe na kufunguliwa mara nyingi kutoka pande zote mbili, kwa funguo na bila funguo, mtu mmoja akiwa ndani na mwingine nje, koleo likiwa karibu. Malipo yatolewe baada ya hapo.